Miche ya Ijumaa

Mnapita kilimani kwa Mjomba, mnaviona vile vijiti nilivyovipanda vimesimama bila jani hata moja, na jioni mnaniuliza kama kweli mtu mzima alikwenda Dar es Salaam, akakaa muda wote ule, ili arudi na vijiti. Wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji, alifanya zaidi ya kuuliza. Alipanda kilimani na dumu la maji, akaanza kuvimwagilia kwa huruma. Nikamkuta, nikampigia kelele kama nimekamata mwizi, naye amenuna mpaka leo. Hana kosa. Kosa kama lile nililiona likifanywa na mtu bora kuliko sisi sote. Lakini kumweleza kila mtu peke yake kunanishinda, na kusimulia jambo moja mara nyingi nikiwa nimekaa kiti kilekile sikuwezi kwa asili yangu. Kwa hiyo nimeandika. Habari za tiketi na karatasi za ruhusa nimeziruka, hazina raha.

Masasi mpaka Somanga

Kwetu mjomba akikutuma hukatai, na wangu alikuwa na sababu. Maisha yake yote alichonga mpingo, na alipozeeka akaona aibu kuacha kilima kitupu. Mara mbili alipanda miche, na mara mbili kiangazi cha kwanza kikaimaliza. Zamani, alisema, mbegu ilianguka yenyewe ikaota yenyewe. Siku hizi mvua inachelewa kuja, inawahi kuondoka, na jua la katikati ni jua jingine. Kule chini kijitoni ulibaki mpingo mmoja mkubwa ambao hakuwahi kuugusa kwa shoka. Tuliuita Mama. Mwaka ule Mama alizaa maganda ya mbegu kupita kawaida.

"Kuna mtafiti, mwanamke, alipita hapa akipima mipingo," Mjomba aliniambia. "Anaotesha mbegu za sehemu mbalimbali huko Dar, aone ipi inaliweza jua la sasa. Mpelekee hizi. Ukae mpaka upate miche itakayoshika hapa kilimani. Nataka niione imeshika kabla macho haya hayajafunga kabisa."

"Mimi nikae, Mjomba?"

"Najua huwezi kukaa. Tunduma hukukaa, Mwanza hukukaa, hata mke hukukaa naye. Nenda tu. Safari hii angalau uwe na sababu."

Nikaondoka na kapu la ukindu lililojaa maganda, mepesi na membamba kama karatasi, nikalifunika kwa kitenge. Kwenye basi nilikaa na mama mmoja mnene aliyebeba ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, ya kupeleka kwa binti yake. Kabla hatujaondoka alishaweka miguu juu ya kapu langu.

"Mama, humo kuna miti."

Alichungulia. "Miti gani hii ya kupepea?" akasema, akairudisha miguu palepale.

Kwenye kizuizi cha mazao ya misitu akapanda ofisa kijana, mpole, anauliza kila mtu amebeba nini. Watu wakajibu korosho, ufuta, nguo. Akafika kwangu.

"Na wewe, mzee?"

"Mpingo," nikasema.

Vichwa vyote vikageuka. Ofisa alimwita mwenzake. Tukashushwa. Wakafungua buti, wakainama chini ya gari, wakapanda juu kwenye mizigo kutafuta magogo, na abiria wakaanza kuniangalia kama watu waliopanda gari moja na maiti.

"Huyu mwanaume katuponza!" alipaza sauti mama wa ming'oko. "Nilimwona tu tangu mwanzo, hatulii kwenye kiti!"

"Uko wapi huo mpingo?" akauliza ofisa.

"Kwenye kapu."

Akafunua kitenge. Upepo ukachukua maganda mawili matatu, yakaruka hadi ng'ambo ya barabara. Ofisa alichukua moja, akaliinua juani, akaiona mbegu ndani kama tone. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Huu ukija kuwa gogo, mimi nishazikwa kitambo."

"Basi mjukuu wako ndiye atakayemkamata mjukuu wangu," nikamjibu, na hapo hata mama wa ming'oko akacheka, akanimegea kipande.

Somanga mkanda wa feni ukakatika. Dereva aliutazama, akanawa mikono, akaagiza samaki. Mnapajua pale, samaki wa kukaanga wamepangwa kwenye sinia, na ndimu, na pilipili ya kusaga inayokutoa machozi. Wote wakala, wakajinyoosha kwenye mabenchi. Mimi nilikula nimesimama. Kisha nikaanza kutembea, toka basi mpaka kwenye kibao cha kijiji, toka kibao mpaka basi, na kapu mkononi.

"Braza, kaa chini," konda akaniambia. "Unatutia kizunguzungu."

"Unakimbilia nini?" akauliza mama wa ming'oko.

"Sina ninachokimbilia."

"Basi unakimbia nini?"

Nilimwambia pilipili imeniingia machoni.

Mbagala, Ubungo, na stendi iliyohama

Mkanda mwingine ulipopatikana jua lilishazama, na Mbagala tukaingia alfajiri.  Ujana wangu niliumalizia Temeke, mnajua, nikibeba mizigo mchana na kucheza ngoma jioni. Nilishuka nikitegemea kuona nyumba ileile yenye mlango wa bluu niliyopanga chumba. Mahali pake pana ghorofa la maduka ya simu. Nikasimama pale kama mtu anayedai kitu, nikakosa wa kumdai. Mlinzi akaniuliza nataka simu gani.

Mtafiti anaitwa Upendo. Nilimpigia, akasema tukutane stendi, atanichukua anipeleke Kibamba ambako miche inalelewa. Mimi stendi niliyoijua ni Ubungo. Pale ndipo nilipoondokea kila nilipoondoka na ndipo nilipofikia kila niliporudi. Nikaenda Ubungo. Nikakuta barabara zimepandana juu kwa juu, magari yanapita kichwani kwangu, na pale palipokuwa na mabasi hapana basi.

"Kaka, uko wapi?" Upendo akapiga.

"Niko stendi."

"Na mie niko stendi. Nimevaa shati la kijani, nipo hapa mlango wa kuingilia abiria."

Nikatafuta mlango wa kuingilia abiria. Nikautafuta mahali ulipokuwa zamani, nikazunguka, nikarudi, na kapu, na jua limepanda. Hatimaye nikamuuliza muuza kahawa aliyekuwa amekaa na vikombe vyake kwenye ndoo.

"Stendi?" Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kapu. "Shikamoo, mzee. Stendi ilishahamia Mbezi kitambo. Wewe ndo umebaki."

Nimehama miji mingapi katika maisha yangu, na muuza kahawa ananiambia mimi ndiye niliyebaki. Nilikunywa kahawa yake, chungu, na kashata moja, nikapanda kuelekea Mbezi. Upendo nilimkuta amechoka kusubiri lakini hakuwa na kinyongo. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anaishi Mwananyamala, anaongea haraka, na alilipokea lile kapu kwa mikono miwili kama anapokea mtoto aliyelala.

Kibamba

Kitalu kilikuwa uani kwa Bi Kidawa. Ni mjane, Mzaramo, mtu wa miaka sitini na ushee, na aliwahi kuishi na bibi yake Upendo nyumba moja, ndiyo maana alimpa sehemu ya uwanja wake. Ukiwa pale unasikia barabara ya Morogoro mchana kutwa. Kila basi la bara lililopiga honi lilikuwa kama linaniita jina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi?"

"Masasi. Mmakonde."

"Ee! Karibu. Ila nakwambia mapema, panya wa hapa ni wa mjini, wanakula dawa. Usiwaguse."

Alijua Wamakonde tunasemwa kwa kula panya, na tangu siku hiyo tukawa watani, bila kuuliza kama makabila yetu yaliwahi kukubaliana. Nikapewa chumba cha nyuma, na kila mchana sahani ya wali na samaki wa nazi, na maji. Maji kabla ya salamu, maji baada ya chakula, maji ukisimama tu mlangoni. Nilijua nimefika kwa watu wa pwani.

Tukatia udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, tukapanda mbegu. Mpingo, ambao mnasema hauoti, uliota upesi karibu kama kunde. Upendo alikuwa na miche ya Handeni na ya Kilwa pia, na yote ilikaa pamoja, udongo mmoja, maji mamoja, paa moja la nailoni ili mvua isivuruge. Lakini ilipokua haikufanana. Ya Kilwa ilitanua majani. Ya Handeni ilikuwa na vijani vidogo, na hewa ikikauka kidogo tu inaviangusha. Ya kwetu ilikuwa katikati.

"Wamelelewa nyumba moja, mbona tabia mbalimbali?" nikauliza.

"Hicho ndicho walichorithi," Upendo akasema. "Ishu yenyewe ni hii, kaka. Mti hauwezi kuhama. Wewe jua likikuchoma Masasi unapanda basi. Mpingo unabaki palepale. Kwa hiyo Handeni, miche isiyoliweza jua ilikufa zamani sana, haikuzaa. Iliyobaki ndiyo iliyozaa, nyuki wakachanganya chavua, ikazaa tena. Uwezo ule umeandikwa kwenye vinasaba vyao. Lakini hiyo ni kazi ya vizazi na vizazi, na mpingo hauna haraka. Hali ya hewa ya sasa ndiyo yenye haraka."

"Basi wa kwetu hawatawahi."

"Kwa njia hiyo peke yake, pengine hawatawahi. Ila kuna njia nyingine." Akageukia jikoni alikokuwa Bi Kidawa. "Mama, kabati lako la viungo lina makopo mangapi?"

"Yote. Mdalasini, iliki, pilipili manga, binzari, karafuu. Unataka nini?"

"Leo umefungua lipi?"

"Binzari tu. Napika mchuzi."

"Unaona, kaka? Makopo ni yaleyale aliyorithi kwa mama yake. Lakini leo limefunguliwa moja, mengine yamefungwa. Mche nao uko hivyo. Vinasaba havibadiliki, ila kuna alama ndogo zinazokaa juu yake, hili lifunguke, lile lifungwe. Mche ukipata kiu, ukanusurika, ukapata kiu tena, baadhi ya makopo ya kupambana na kiu yanabaki mbele kabatini, vifuniko vimelegea. Kiu kubwa ikija, haupotezi muda kutafuta. Unaangusha majani, unafunga, unalala."

Akagawa miche ya Mama, ule mpingo wetu wa kijitoni, ikiwa na viriba vyake, katika matuta mawili yaliyochimbwa kidogo kama mifereji. Tuta la kwanza lipate maji kila siku. La pili liachwe na kiu mpaka majani yainame, kisha linyweshwe, kisha liachwe tena, na siku ya kunywesha ataisema yeye mwenyewe. Kiangazi cha mwaka wa pili yote yangenyimwa maji, na itakayopona ndiyo ningeipeleka kwa Mjomba.

Bi Kidawa alikuwa amesimama na mwiko. "Kwa hiyo mnataka kuwatesa."

"Kuwafundisha, mama," akasema Upendo.

"Nyumbani kwangu?"

"Wewe usimwagilie tu tuta la pili. Hilo tu, mama. Mengine mie."

Bi Kidawa akanitazama mimi, akatazama miche, akarudi jikoni. 

Mwananyamala

Nilikaa mpaka honi za mabasi zikanishinda. Miche inakua polepole, mpingo hasa. Shina haliongezeki, kazi yote unaifanya chini kwenye mzizi. Kumtazama mtu anayefanya kazi chini ya ardhi ni adhabu. Nikamuaga Bi Kidawa kwamba naenda kutafuta kibarua mjini, nikapanga Mwananyamala, mtaa mmoja na wachongaji wawili watatu wa kwetu waliokuwa wakichonga nyumbani na kupeleka kwa wauzaji. Nikawa napiga msasa na kung'arisha.

Mwananyamala watu wamebanana kiasi kwamba ukikohoa jirani anajibu "pole". Nilipenda. Asubuhi chapati na maharage kwa mama wa kona, mchana vumbi jeusi la mpingo puani, jioni redio kumi zinapiga nyimbo kumi. Lakini baada ya muda hata kelele zile nilizizoea, na nikizoea kitu ndipo ninapoanza kutazama barabara. Nikaanza kuuliza habari za Tanga. Nilishafunga begi.

Ndipo Mjomba akapiga simu. Yeye hapigi, yeye huwa anapigiwa.

"Moto umepita," akasema.

"Wapi?"

"Kijitoni. Walikuwa wanachoma shamba, upepo ukageuka. Mama hayupo."

Nilisikia tezo zikigonga nyuma yangu, watu wanachonga kama hakuna kilichotokea.

"Zile ulizonazo ndizo," akasema. "Hakuna nyingine."

Nilifungua begi, nikatoa nguo, nikazirudisha, nikazitoa tena. Mwisho nikalibeba hivyohivyo nikarudi Kibamba. Tanga iko palepale mpaka leo, mimi sijaiona.

Kibamba tena

Niliingia uani, nikaenda moja kwa moja kwenye tuta la kiu.  Upande wa karibu na mlango wa jikoni miche ilikuwa minene, majani yanang'aa kama ya mchicha wa bondeni. Upande wa mbali, penye ukuta, ilikuwa imekauka kama njiti. Katikati ilikuwa kitu gani sijui, mara ina majani, mara haina.

Upendo alikuja siku iliyofuata. Akainama, akashika udongo, ukamganda vidoleni.

"Mama, nani kamwagilia tuta la kiu?"

"Hakuna," akasema Bi Kidawa.

"Mbona udongo umeloa?"

"Mie sijamwagilia. Nimetia udhu."

Tukamtazama. Hapo ndipo tulipoliona lile jiwe bapa ambalo alizoea kukaa akitawadha. Zamani lilikuwa upande wa mbele. Sasa lilikuwa kichwani mwa tuta, na birika juu yake.

"Magoti yananiuma," akasema, "nikalisogeza. Mtu anatia udhu mahali anapoona raha."

"Mama!"

"Mliniambia nisimwagilie. Hamkuniambia nisiswali." Kisha sauti ikamshuka. "Upendo, mwanangu, nyumbani kwa marehemu mama hapakupita mtu akaomba maji akakosa, hata mlevi, hata aliyetutukana jana. Mie nitandike mswala na nyuma yangu kuna viumbe vimeinamisha shingo kwa kiu? Sala gani hiyo? Na hawa ni wageni. Wamekuja na huyu Mmakonde kwenye kapu."

Upendo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa. Alisema jaribio limekufa. Kwamba mara tano kwa siku si kiu hiyo, ni bustani, na upande wa ukutani maji hayakufika, kwa sababu yeye kila alipochungulia kutoka mlango wa jikoni aliona majani ya mbele hayajainama, akadhani tuta zima bado halijapata kiu, hakuunywesha. Kwamba tuoteshe mbegu nyingine tuanze upya.

"Hakuna nyingine," nikamwambia, nikawaeleza habari ya moto.

Bi Kidawa aliweka mkono kinywani. "Nimewaua?"

 Aliinama, akalinyanyua lile jiwe yeye mwenyewe, na magoti yake yale, akakataa msaada wangu, akalirudisha mbele ya nyumba.

Kiangazi kikaja. Upendo akasema sasa tufunge maji kote, tuone. Kuanzia hapo Bi Kidawa hakupita uani. Akitaka kwenda jikoni alizunguka nje kwa mlango wa mbele, akainamisha uso. Chakula nililetewa chumbani, na utani ukaisha. Siku moja nilimkuta kasimama kwenye kona ya nyumba, mgongo kwa miche, birika mkononi, halimwagi, amelishika tu.

Mimi nilitembea. Kibamba yote waliniona nikipanda na kushuka barabarani kama nimepoteza ng'ombe. Sikuondoka, lakini sikutulia. Tuta la kwanza lilibaki kijani muda mrefu, nikafurahi, kisha majani yakaungua yakiwa bado mtini. Ile minene ya kichwani mwa tuta la pili ikafanya hivyohivyo. Ile ya katikati iliniudhi kupita yote: mwanzoni tu mwa kiangazi ilipukutisha kila jani, ikabaki miti mikavu. Nikasema hii imekata tamaa mapema. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia Mjomba.

Kiangazi kilipofika kilele Upendo akaja. Alianza na tuta la kwanza, akakwangua gome kwa ukucha. Kahawia, kavu. Wa pili, vilevile. Michache ilikuwa na uhai chini kabisa, mingi haikuwa nao. Ya kichwani mwa tuta la pili, kavu. Ya ukutani, ilishakufa siku nyingi kwa kiu isiyo na mwisho. Akafika katikati. Akakwangua mti mmoja mkavu usio na kitu.

Kijani.

 Akakwangua mwingine. Kijani, kibichi, chenye maji. Na mwingine. Nikaanza kukwangua na mimi.

"Mama!" Upendo akaita. "Mama, njoo!"

Bi Kidawa akaja kwa mlango wa mbele, kisha akakumbuka, akapita katikati ya uwanja. Upendo akamshika kidole akamwekea ukucha kwenye gome. Akakwangua kama mtu anayeogopa kuumiza.

"Iko hai," akasema. "Imejificha."

"Hapa katikati palikuwa na nini, mama? Maji ya udhu wako hayafiki hapa."

Alifikiri, akatazama tuta, akatazama mahali lilipokuwa jiwe. "Ijumaa," akasema.

"Ijumaa nini?"

"Darsa. Kila Ijumaa alasiri wanawake wenzangu wanakujaga hapa, tunasoma, tunaomba dua. Wote wanatawadha kwenye jiwe lile. Hapo maji yanakimbia mpaka katikati. Siku nyingine ni mimi peke yangu na birika moja."

Upendo akaanza kucheka, akashindwa kusimama. "Kiu wiki nzima, Ijumaa maji. Kiu, maji. Kiu, maji. Ndicho nilichotaka kukifanya mie, na nisingekifanya kwa uaminifu huo!"

"Kwa hiyo darsa letu limefundisha na miti," akasema Bi Kidawa, na kwa mara ya kwanza tangu jiwe lihame aliniangalia. "Mmakonde, hata wewe ungekuja ungepata kitu."

Lazima niseme alichosema Upendo baadaye, maana mtanibebea maneno. Alisema hawezi kuapa. Huenda ni udongo wa pale katikati, huenda ni kivuli cha ukuta. Jaribio lilishaharibika, na katika utafiti wake hawezi kuandika kwamba kipimo cha maji kilikuwa udhu. Alama zile zinadumu muda gani katika mpingo, na kama mti utamwachia mwanawe, bado hajui. Na vinasaba ni vya Mama, vimetoka kwenye ukoo ulioliona jua la kwetu tangu zamani. Bila hivyo hata Ijumaa isingefaa kitu. Alichoweza kuapa ni kwamba ile miche iko hai.

Siku ya kuondoka

Tulichagua siku kabla mvua za kwetu hazijaanza, ili miche ikanyeshewe ikiwa tayari kilimani. Haikuwa Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi.

Niliifunga kwenye masanduku ya mbao, mmoja mmoja, kijiti kwa kijiti. Majirani walichungulia wakauliza kama nahamisha kuni. Upendo alikuja asubuhi, akakwangua mmoja kwa mara ya mwisho, akaniambia nisithubutu kurudi kumwomba mbegu nyingine, maana hana.

"Sirudi," nikasema.

"Unasemaga hivyo kila mahali, kaka. Mjomba wako aliniambia."

"Kila mahali nilikuwa naondoka tu. Leo nina mahali pa kufikia."

Gari ya kunipeleka stendi ilishafika, inapiga honi. Nilisikia honi ile na mwili haukuruka. Nikaenda kumuaga Bi Kidawa, naye akatoka jikoni na birika limejaa.

Tulisimama sote watatu juu ya masanduku. Vijiti vikavu, safari ndefu, jua kali, na mwenye nyumba ana maji mkononi. Niliona mkono wake unainama. Mdomo wa birika ukashuka mpaka karibu na kiriba cha kwanza, tone moja likaning'inia pale.

"Mama, leo Alhamisi," nikasema.

"Najua leo siku gani."

Akalinyanyua birika. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefunga mlango na mgeni yuko nje. Kisha akanigeukia, akamimina kikombe mpaka kikafurika.

"Wao waende na kiu yao, wamesoma," akasema. "Wewe kunywa. Wewe hujasoma kitu."

Nikanywa nimesimama, mpaka mwisho, na hakuondoa macho mpaka nilipomrudishia kikombe kitupu.